Aliyeushika Mkanda wa Doria

Katika nyumba yetu ya Ilala, mtoto hakuthubutu kukimbia Afande anapoingia. Hakuwahi kumchapa mtoto wala kumfokea. Alisimama tu mlangoni na sare yake na buti zenye vumbi, akasema kwa sauti ya chini, "Tembea." Mtoto akatembea. Mama yangu alikuwa na vitisho vya kila aina kwa watoto wa wapangaji wenzetu, na hakuna kilichofanya kazi kama neno hilo.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hapendi watoto wakimbie. Tulikuwa uani, yeye anafua, mimi nachambua mchele. Alinijibu bila kuinua kichwa.

"Nashinda na kiumbe kinachofuata kila kinachokimbia, binti. Nikirudi hapa macho yangu bado yako kazini."

Kwa nyuma tulimwita Afande wa Mbwa, na mbele yake Afande tu. Alipanga chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na bomba. Mbwa mwenyewe hakuletwa nyumbani hata mara moja, alilala kambini kwenye banda lake, lakini sote tulimjua kama tunavyowajua ndugu walioko mbali. Aliitwa Doria. Alikuwa jike, mweusi mgongoni, kahawia miguuni. "Doria leo hajala," Afande angesema akivua buti, na tulijua jioni ile hata yeye atakula kidogo. Mke wake aliyebaki kusini alikuwa akipiga simu, na baada ya salamu tulisikia Afande akimweleza habari za Doria kabla hajauliza za shamba.

Mama mwenye nyumba, mwanamke wa Kiarabu aliyezaliwa palepale Ilala, karibu amnyime chumba alipojua kazi yake. "Nyumba hii watu wanaswali," alimwambia. "Mate ya mbwa sitaki yafike kwenye bomba langu." Afande akamjibu, "Bi mkubwa, hata mimi naswali." Kuanzia hapo alikuwa na ndoo yake peke yake, nyekundu, na kando yake kopo la udongo. Kila jioni alijitwaharisha kwa udongo na maji kama dini inavyomtaka, tena na tena, hadi viganja vyake vikapauka na kupasuka nyufa. Watu walimcheka. Msikitini wapo waliokwepa kusimama naye bega kwa bega, naye hakuwalaumu, alisogea mwisho wa safu. Lakini walipomshauri aombe kuhamishiwa kazi nyingine, aliwatazama kama watu waliomwambia amwache mtoto wake barabarani.

Msidhani alikuwa mtu wa kujinyima raha. Alikuwa mlaji, na kwenye drafti alikuwa mwizi wa wazi. Jioni alicheza barazani kwa vifuniko vya soda na mdogo wangu Saidi, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule mtaa wa Gerezani. Saidi akiinamisha kichwa kunywa kahawa, kifuniko kimoja kilikuwa kimeshahama.

"Afande, hii kete ilikuwa hapa."

"Ushahidi uko wapi?"

"Macho yangu."

"Macho yako yalikuwa kwenye kikombe. Hiyo si kesi, kijana."

Wakacheka wote wawili. Saidi alimpenda. Baba yetu alikuwa amefariki sisi tukiwa wadogo, na sijui kama Afande aliwahi kugundua kwamba mdogo wangu alikuwa akichelewa kula hadi amsikie akiingia.

Ni barazani pale alipotueleza kazi yake. Hakuwa msemaji, ila akiulizwa kuhusu mbwa alifunguka. Kuna jirani aliyewahi kusema kwamba mbwa wa polisi ni silaha kama bunduki. Afande alitikisa kichwa.

"Risasi ikishatoka huwezi kuiita irudi. Mbwa unamwita. Kwa hiyo mimi nadaiwa zaidi ya mwenye bunduki."

Akatueleza anavyotakiwa kufanya. Kwanza anatoa onyo, kwa sauti inayosikika, zaidi ya mara moja. Mtu akisimama, mbwa habanduki miguuni pa askari. Akikimbia, hapo anaweza kumwachia. Akishakamatwa, akishalala, mbwa anaitwa papo hapo. "Sheria haijataja meno ya mbwa," alisema. "Imesema tu nguvu isizidi ile inayohitajika kumkamata mtu, na akishakamatwa asibanwe kupita kinachotosha asitoroke. Mbwa ni wa kukamata. Si wa kuadhibu, wala si wa kumsemesha mtu asiyetaka kusema."

"Na mbwa mwenyewe anajua hayo?" Saidi aliuliza. Alikuwa anaogopa mbwa kupita kiasi, hata watoto wa mbwa, na mazungumzo haya yalimvuta kama vile mtu anavyovutwa kuchungulia kisima.

"Doria hajui kama mtu amejisalimisha. Mimi ndiye ninayejua." Akainua mkono wake wa kushoto uliokuwa na alama ya mkanda wa kumfungia mbwa kwenye kiganja. "Kila kitu kiko hapa."

Lakini kulikuwa na jambo lingine kwake ambalo hatukulitilia maanani. Afande hakuwahi kupinga amri. Sikukuu moja ya Idi alikuwa kwetu, ameshapakuliwa pilau, simu ikalia. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, afande," akanyanyuka na tonge mdomoni. Mama alimwambia amalizie japo sahani ile. "Amri haingoji," alisema, akaenda zake. Alizisema sheria na amri kwa sauti ileile, kwa heshima ileile. Nadhani aliamini kwamba ni kitu kimoja.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza bearingi na bolti katika duka la vipuri Gerezani, mkabala na karakana ya Saidi. Asubuhi moja maneno yalikuwa yameshatufikia kwamba duka la simu kule Kariakoo limevunjwa, geti la chuma limekatwa, mzigo wote umebebwa. Sikushtuka sana. Nilikuwa nampimia mteja nati nilipoanza kusikia kelele zinatoka upande wa sokoni, kelele za watu wengi wanaokuja pamoja.

Doria alitangulia, pua chini, mkia umenyooka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona kwa macho. Nyuma yake Afande, mkanda mkononi, na kando yake mkubwa wake wa kazi, mwanamume mnene aliyekuwa akifuta jasho. Nyuma yao umati: wabeba mizigo, wapiga debe, wenye maduka, wengine wameshaokota mawe. Mbwa alivuka barabara ya mwendokasi, akapita magurudumu yaliyorundikwa nje ya duka letu, akaingia upande wa pili. Alisimama mbele ya karakana ya Saidi, akaketi, akabweka.

Saidi alitoka na kinyago cha kuchomelea kimepandishwa kwenye paji la uso. Alimwona mbwa kwanza. Nadhani hakumwona Afande kabisa.

"Ndiye huyo! Mwizi huyo!" mtu akapiga kelele. Jiwe likagonga bati juu ya kichwa chake.

Akakimbia. Nilimwona akitupa kinyago, akiruka ngazi iliyolazwa chini, akielekea kwenye uzio wa reli.

"Polisi! Simama! Nina mbwa!" Ilikuwa sauti ya Afande, ile ambayo nyumbani hakuwahi kuipandisha. "Simama, nitamwachia! Saidi, simama!"

Hakusimama. Afande akamwachia.

Doria alimfikia kwenye uzio, akamshika mkono karibu na kiwiko, wakaanguka wote. Afande alikuwa anakimbia nyuma yake, na kabla hajafika alipiga kelele, "Acha!" Doria akaacha, akarudi, akafungwa mkanda. Saidi alikuwa kifudifudi, mikono ameitandaza, damu inaingia kwenye mchanga. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama alivyotusimulia barazani. Hata mimi, niliyekuwa nasukumana na watu nifike pale, nilijiambia: basi, yameisha, Afande yupo.

Mkubwa wake akafika akihema. Akainama juu ya mdogo wangu.

"Simu ziko wapi?"

"Sijui, mzee. Sijaiba mimi. Muulize Afande, ananijua."

"Wenzako wako wapi?"

"Sina wenzangu."

Mkubwa akainuka. "Koplo, mwachie mbwa."

Watu walisogea, wakitaka kuona. "Amelala, afande," Afande alisema.

"Mwachie, atataja. Hiyo ni amri."

Nilikuwa nimeshafika mbele. "Afande!" nikamwita. "Ni Saidi! Afande, ni Saidi!" Hakugeuka. Nilikuwa naona mkono wake wa kushoto. Niliona vidole vikikaza mkanda, vikakaza zaidi, halafu vikafunguka.

Doria alimuuma pajani. Sauti aliyoitoa mdogo wangu siwezi kuiandika. "Nimeiba!" alilia. "Nimeiba, mtoeni! Nimeiba mimi!"

"Acha!" Afande alisema, na mbwa akaacha mara moja.

"Mmesikia wote," mkubwa alisema. "Mpakieni."

Saidi alishonwa hospitali, kisha akapelekwa kituoni, na huko yakaandikwa maelezo kwamba amekiri kosa kwa hiari yake. Kuhusu jeraha la pajani polisi walieleza kwamba mkanda ulimponyoka askari. Mwezi baada ya mwezi mdogo wangu alikaa mahabusu. Wakati wote alisema jambo moja: lile geti la duka la simu alilitengeneza yeye, siku chache kabla halijavunjwa. Aliitwa na mwenye duka achomelee bawaba. Lakini mwenye duka alikuwa amesafiri kufuata mzigo nje ya nchi, na waliobaki hawakuwa wanamjua fundi.

Jioni ya siku ile Afande alirudi nyumbani kama kawaida. Uani tulikuwa wengi. Alijaza ndoo yake, akachukua udongo, akaanza kunawa. Mama alitoka chumbani akasimama juu yake.

"Umekula kwangu," mama alisema.

"Ndiyo, mama Saidi."

"Wanasema mkanda ulikuponyoka. Niambie ulikuponyoka. Ukiniambia hivyo mimi nitakubali, na yatakwisha."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo. Afande aliendelea kunawa hadi udongo wa kopo ukaisha. Kisha akaingia chumbani mwake akafunga mlango, hajamjibu. Mama alibaki amesimama pale na khanga yake, na mimi nilitamani amtukane, lakini alirudi ndani.

Tuliishi hivyo, nyumba moja, choo kimoja, bomba moja. Barazani hakukaa tena. Watoto waliacha kukimbia hata akiwa hayupo.

Kesi ilipofika kwenye yale maelezo ya kukiri, wakili wetu, dada mmoja aliyetusaidia bila malipo, aliyapinga. Alisema hayakutolewa kwa hiari. Hakimu akasimamisha mengine yote ili kwanza achunguze jambo hilo. Upande wa mashtaka ukamleta Afande athibitishe kwamba mbwa alichomoka kwa bahati mbaya, na kwamba Saidi alikiri baadaye, kwa utulivu, kituoni. Alipanda kizimbani amenyoosha sare. Mkubwa wake alikuwa ameketi benchi la mbele, miguu ameikunja, anamtazama.

Mwendesha mashtaka alimwongoza taratibu: onyo, kukimbia, mbwa, kiwiko. Afande alijibu vizuri. Kisha akaulizwa ilikuwaje mkanda ukaponyoka.

Alikitazama kiganja chake cha kushoto.

"Haukuponyoka, mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka alimtazama, akatazama karatasi zake. "Shahidi, elewa swali."

"Nimelielewa. Haukuponyoka. Niliuachia."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Eleza."

"Mara ya kwanza alikuwa anakimbia. Nilimwonya, hakusimama, nikamwachia mbwa. Hilo ni halali. Mara ya pili alikuwa amelala, mikono wazi, hana pa kwenda. Niliamriwa mbwa amuume ili ataje. Nikamwachia. Hilo halikuwa halali, na nilijua wakati naachia. Alichosema pale alikisema mbwa akiwa mwilini mwake. Na alichosema kituoni alikisema akiwa anamsikia mbwa huyohuyo nje, kwenye gari."

Mkubwa wake alikunjua miguu. Wakili wetu alisimama, na nadhani hata yeye hakuwa amejiandaa kwa hilo, maana aliuliza swali moja tu: kwa nini mbwa alikwenda moja kwa moja kwa Saidi?

"Alifuata harufu ya mtu aliyeshika geti. Mbwa anaweza kukwambia nani ameshika. Nani ameiba, hilo hawezi."

Maelezo yale yalitupwa. Baadaye mwenye duka alirudi, akaja kusema ni kweli fundi wake alikuwa Saidi. Mdogo wangu akaachiwa. Siku alipotoka mama alitandika jamvi barazani, mtaa mzima ukaja, na chumba cha karibu na bomba kilikuwa kitupu. Afande alikuwa ameondoka tukiwa mahakamani. Alifagia, akaacha funguo kwa mama mwenye nyumba. Tulisikia kwamba amepewa adhabu kazini kwa kile alichokiri, ameondolewa kwenye mbwa, amepelekwa kulinda geti mahali. Doria alipewa askari mwingine. Mkubwa wake alihamishwa mkoa, zaidi ya hapo sikujua.

Kila mtu alikuwa na maoni yake. Wapo waliosema Afande ni shujaa, amejitoa mhanga. Wapo waliosema shujaa gani, mtu anayesema kweli baada ya kukuchana paja. Mama alikuwa upande wa hawa wa pili hadi alipofariki. Mimi niligeuka kila siku, leo huku, kesho kule. Saidi hakusema lolote. Alirudi Gerezani akachomelea kwa mkono wa pili, kwa kuwa ule wa kulia haukunjiki hadi mwisho, na mtu akitaja jina la Afande aliwasha mashine.

Miaka imepita. Mwaka jana mama mwenye nyumba alinipa habari kwamba Afande amestaafu, anaishi Magomeni kwa binti yake, na macho yamepungua. Nilimweleza Saidi kama habari tu, wakati tunakula. Alimaliza tonge.

"Twende," alisema.

Tulikwenda baada ya swala ya Ijumaa. Binti yake alitukaribisha ukumbini, akaweka chai na vitumbua, akatupisha. Afande alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha. Alikuwa amekwisha mwili, shati limekuwa kubwa. Mimi nilimwamkia, akanitambua kwa sauti. Saidi hakumwamkia. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. Sikujua mdogo wangu amekuja kufanya nini.

"Ni Saidi," alisema.

"Najua. Nimesikia unavyotembea."

Saidi alilitazama paja lake, kisha akamtazama Afande. "Ulinitambua wakati gani, siku ile?"

"Ulipotoka mlangoni. Kabla hujakimbia. Nilikuita jina."

"Na ukamwachia."

"Ulikimbia. Hilo la kwanza, hata ungekuwa mwanangu wa kumzaa, ningemwachia. Silijutii."

"Sikuja kwa hilo la kwanza."

Afande aliweka mikono juu ya magoti. Nje muuza maji alipita anagonga madumu, akaenda hadi sauti ikapotea.

"La pili niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini? Aliyekuwa chini ni mimi."

"Niliogopa watanipokonya Doria." Alisema hivyo akajishika kidevu kwa mkono. "Nilijua nikikataa amri mbele ya watu wale, kesho mkanda anashika mwingine. Ndicho pekee kilichonipita kichwani. Sikuwaza sheria. Sikukuwaza wewe. Niliwaza mbwa."

Nilitaka kusimama. Ni kama nilimwona mama yangu pale uani kwetu, anangoja jibu. Miaka yote nilikuwa nimemtafutia sababu kubwa, hofu ya jela, hofu ya njaa, watoto wake kusini.

"Mahakamani hukulisema hilo," Saidi alisema.

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na bado walimchukua."

"Walimchukua. Alikufa kwa mtu mwingine, sikuambiwa hadi alipokwisha kuzikwa."

Saidi aliisogeza chai yake kando. Hakuwa ameigusa. Kisha akanyanyuka, akasukuma kiti, akatoka. Nilisikia mlangoni anatafuta viatu vyake. Nikachukua mkoba wangu, nikaanza kumuaga Afande, naye aliitikia kwa kichwa tu, macho yake kwenye pazia la mlangoni.

Pazia likasogea. Saidi alikuwa amerudi, mguu mmoja una kiatu. Alikuja hadi kwenye kochi, akainama, akamshika mkono yule mzee kwa mkono wake wa kulia, ule usiokunjika, ikambidi ainame sana.

"Shikamoo, Afande."

Afande alikawia hadi nikadhani hataitikia.

"Marahaba," alisema.